Sura ya Saba: Kubanwa Siyo Mapafu Peke Yake

Kutoka Soko la Kariakoo hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Upanga, ni kilomita mbili na ushei. Alfajiri, kabla magari ya mizigo hayajafunga Mtaa wa Msimbazi, bajaji inafika kwa dakika chache. Watanzania wengi wenye maradhi ya moyo husafiri usiku kucha kwa basi kumfuata daktari bingwa. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo au Narung'ombe amelala jirani yake. Taasisi hiyo ilianza kazi mwaka 2015, na leo mshipa wa moyo ulioziba unazibuliwa hapa hapa mjini, kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani. Zamani, kwa wengi, kazi hiyo ilitaka tiketi ya ndege ya India.

Hata hivyo yupo mkazi wa Kariakoo ambaye ujirani huo haumfaidishi inavyostahili. Ni yule mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye, safari hii, kilichomshika ni moyo. Sura hii ni yake, kwa sababu naamini anapoteza muda na dawa ambazo angezipata kama asingekuwa na ugonjwa wake wa zamani.

Tumfikirie mzee mmoja. Ujana wake aliumaliza akibeba magunia sokoni, akivuta sigara za kununua moja moja. Aliwahi kuugua TB, akameza dozi yote, akapona, ila ikamwachia makovu kifuani. Sasa ana miaka 62, ana duka la nafaka na anaishi ghorofa ya nne. Akipanda ngazi anasimama mara mbili kuvuta pumzi. Alishaambiwa kuwa njia zake za hewa zimesinyaa na hazitarudi zilivyokuwa. Alfajiri moja anaamka amebanwa. Jasho la baridi linamtoka, tumbo linamchafuka, mkono wa kushoto mzito. Kifua hakimchomi sana. Anahisi kimejaa tu. Anavuta pampu mara mbili, kisha mara nne.

"Baba, si kile kifua chako cha siku zote? Jilaze kidogo, kitaachia," anasema binti yake, na anasema kwa mapenzi.

Mama anachemsha tangawizi. Inafika saa nne asubuhi bila nafuu, ndipo anatafutwa mtu wa bajaji.

Kinachotokea ndani ni hiki. Moyo hulishwa na mishipa yake wenyewe, inayouzunguka kwa nje. Kwa miaka mingi mafuta na uvimbe hujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo. Siku moja ukuta unachanika, damu inaganda juu ya jeraha, na bonge linaziba njia, lote au sehemu. Likiziba lote, misuli iliyo mbele yake inaanza kufa ndani ya nusu saa hivi na inaendelea kufa saa baada ya saa. Dawa za kuyeyusha bonge husaidia zaidi zikitolewa ndani ya saa tatu za mwanzo, na faida yake hupungua sana kufikia saa 12. Mzee wetu ametumia sehemu nene ya muda huo akiwa kitandani, akitibiwa ugonjwa mwingine.

Silaumu familia. Wamemwona akibanwa mara nyingi, na mara zote pampu ilitosha. Ila kuna tofauti ambazo mtu wa nyumbani anaweza kuziona. Kubanwa kwa mapafu kwa kawaida huja na kikohozi kinachoongezeka kwa siku mbili tatu, makohozi yanayobadilika rangi, mluzi kifuani, na nafuu kiasi baada ya dawa. Kubanwa kulikoanza ghafla, kukiambatana na jasho la baridi, kichefuchefu, uzito wa mkono, taya au bega, na kusikoguswa na pampu, ni dharura ya moyo mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Na hata pale dalili za mapafu zilipo wazi, moyo bado unaweza kuwa umo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika siku tano za mwanzo baada ya ugonjwa wa mapafu kuchachamaa, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda zaidi ya mara mbili.

Inakuwaje mapafu yauchochee moyo? Moshi wa sigara huharibu vyote viwili kwa wakati mmoja, hilo linafahamika. Zaidi ya hapo, mapafu yenye uvimbe wa kudumu humwaga kwenye damu kemikali za uvimbe zinazolainisha ule utando wa mafuta na kuufanya uchanike kwa urahisi. Upungufu wa oksijeni unauongezea moyo kazi huku ukipunguza chakula chake. Chembe zinazogandisha damu nazo huwa na haraka kuliko kawaida. Kwa hiyo ugonjwa wa mapafu ni sababu ya kuutazama moyo mapema, na kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi unakuwa sababu ya kutoutazama.

Pia tusidhani kuwa ni ugonjwa wa wavuta sigara peke yao. Ng'weina Francis Magitta na wenzake walipopima watu wa miaka 35 na zaidi vijijini kaskazini mwa Tanzania, kwa kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu, walikuta asilimia 17.5 wana njia za hewa zilizoziba. Waliyachapisha matokeo hayo mwaka 2018. Huko karibu kila nyumba ilipikia kuni. Kariakoo ni mkaa. Mama ntilie anayepulizia jiko tangu saa kumi alfajiri, kwenye uchochoro usiopitisha upepo kati ya ghorofa mbili, kwa miaka 20, hajawahi kugusa sigara na mapafu yake yanaweza kuwa kama ya mvutaji. Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuanzia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Mama ntilie wa watu 40 hakuguswa na marufuku hiyo. Naye ndiye ninayemhofia zaidi, kwa kuwa wanawake hupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua mara nyingi kuliko wanaume, na akifika zahanati akisema anahema na amechoka, ni wachache watakaofikiria moyo.

Tusiseme hilo kwa kukisia. Mjini Moshi, kwenye idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC, watafiti waliwapima watu wazima 681 waliofika wakilalamika maumivu ya kifua au kuhema, na kila mmoja akapigwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kupimwa damu. Waliokutwa na mshtuko wa moyo ni 152, zaidi ya mmoja kati ya watano. Madaktari wa zamu walikuwa wamewatambua wachache mno. Wengi waliandikiwa presha iliyopanda au moyo kushindwa kazi. Baada ya siku 30, zaidi ya asilimia 40 ya wale wenye mshtuko walikuwa wamefariki. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020, na kwangu ni miongoni mwa kurasa nzito kuliko zote zilizoandikwa kuhusu moyo katika nchi hii. Unaondoa ile dhana kwamba mshtuko wa moyo ni maradhi ya Wazungu na matajiri, ambayo daktari wa Kiafrika anaweza kuyaweka mwisho wa orodha.

Turudi kwa mzee, maana bado yuko ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi. Asishuke kwa miguu. Akalishwe kwenye kiti imara, vijana wawili wa dukani wambebe. Kama hana mzio wa aspirini, hatapiki damu wala hakohoi damu, atafune aspirini miligramu 300, yaani vidonge vinne vya junia. Avitafune, asivimeze vizima. Aende moja kwa moja mahali penye ECG. Kuzunguka kwenye duka la dawa kwanza kunakula muda. Muhimbili ina idara kamili ya dharura tangu mwaka 2010, na Mnazi Mmoja na Amana ziko karibu. Pale mapokezi ndugu aseme kilicho kipya leo kabla ya kutaja kilicho cha zamani: "Amebanwa ghafla saa kumi na moja alfajiri, anatoka jasho, pampu haijasaidia." Historia ya mapafu ifuate. Mpangilio huo wa maneno unaweza kuamua kama atapelekwa kwenye ECG au kwenye mashine ya mvuke.

ECG inatakiwa ipigwe ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa afike. Hapa mapafu yanaweka mtego mwingine. Kifua kilichojaa hewa isiyotoka husukuma moyo chini na kuuzungusha, na karatasi ya ECG ikaonyesha mistari inayofanana na kovu la mshtuko wa zamani upande wa mbele, kumbe hakuna. Au kinyume chake, mabadiliko ya kweli yakafifishwa. Kwa hiyo ECG moja haitoshi. Inarudiwa baada ya dakika 15 au 30, na ya zamani ikipatikana inalinganishwa. Kipimo cha damu cha troponini nacho kinataka akili. Mapafu yakichachamaa peke yake yanaweza kuipandisha kidogo, kwa kuwa moyo umeelemewa. Kinachotafutwa ni mwendo wake: namba ya kwanza, na namba baada ya saa kadhaa. Ikipanda na kushuka waziwazi, pamoja na dalili au mabadiliko ya ECG, huo ni mshtuko. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni ile sentensi ya kwenye faili isemayo kwamba troponini imepanda "kwa sababu ya mapafu" bila kipimo cha pili.

Sasa matibabu. Msingi wake ni rahisi kuusema: mgonjwa wa mapafu anastahili karibu kila kitu anachopewa mgonjwa mwingine wa mshtuko wa moyo. Aspirini, dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, dawa ya kupunguza lehemu, na mshipa kuzibuliwa, kwa mrija au kwa dawa ya kuyeyusha bonge kama vile streptokinesi au tenekteplesi. Mapafu mabovu hayamkatazi mtu kuzibuliwa. Kuna mambo machache ya kurekebisha, na hapo ndipo ustadi unapotakiwa.

La kwanza ni oksijeni. Tumezoea kuona mgonjwa anayehema akifungwa barakoa na mtungi ukafunguliwa mpaka mwisho, na ndugu wakishukuru kwamba amehudumiwa. Kwa huyu, oksijeni nyingi inaweza kuua. Mwili wake umeshazoea kiwango cha chini. Ukimjaza, hewa chafu ya kaboni hupanda kwenye damu, anasinzia, anaacha kupumua vizuri. Huko Tasmania, Australia, watu 405 waliobanwa waligawanywa wakiwa bado kwenye gari la wagonjwa: wengine wakapewa oksijeni nyingi kama ilivyozoeleka, wengine kwa kipimo, wakilengwa kubaki kati ya asilimia 88 na 92. Vifo vilikuwa asilimia 9 upande wa kwanza na 4 upande wa pili. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010. Mwaka 2017 Waswidi wakaongeza la kwao: katika wagonjwa zaidi ya 6,600 walioshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo na ambao oksijeni yao ilikuwa asilimia 90 au zaidi, kuwapa ya ziada hakukupunguza vifo. Kile kifaa cha kubana kidoleni, tulichokijua wengi wakati wa korona, kina thamani kubwa hapa kuliko ukubwa wa mtungi.

La pili ni dawa za kufungua kifua. Salbutamoli kwa mvuke hukimbiza mapigo ya moyo, na moyo uliokosa damu hautaki kukimbizwa. Haikatazwi kama kweli mgonjwa anabanwa kwa mluzi, ila inatolewa kwa kiasi, na ipratropiamu hutumika pamoja nayo au mahali pake. Aminofilini ya kwenye mshipa, ambayo bado inapendwa katika vituo vyetu vingi, ningeomba iwekwe kando kabisa siku hiyo: faida yake kwa mapafu ni ndogo na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kiasi cha kuua. Mofini ya kutuliza maumivu itolewe kidogo kidogo, maana nayo hupunguza pumzi.

La tatu ndilo lenye ubishi wa miaka mingi: dawa za kundi la bita bloka, zinazotuliza kasi ya moyo. Vizazi vya madaktari na wauguzi walifundishwa kuwa mwenye kifua asiguswe nazo. Onyo hilo lilitokana na dawa kama propranololi, ambazo zinafunga vipokezi vya moyo na vya njia za hewa bila kuchagua. Lakini zipo zinazolenga zaidi moyo: bisoprololi, metoprololi, na kwa kiasi atenololi ambayo imejaa kwenye maduka ya dawa ya Kariakoo. Mwaka 1998 wachambuzi wa Marekani walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 200,000 waliopata mshtuko wa moyo. Miongoni mwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu, waliopewa bita bloka walikufa wachache kwa takriban asilimia 40 kuliko wasiopewa. Mwaka 2013 kumbukumbu za Uingereza zikaonyesha jambo linalofanana. Tafiti za namna hiyo zina udhaifu wake, kwa sababu pengine daktari aliwapa dawa wale waliokuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo hakuna kilichoonekana humo cha kuhalalisha kumnyima mgonjwa huyu dawa kwa hofu tu.

Upande wa pili wa mizani nao usifichwe. Mwaka 2019 Wamarekani waliwapa metoprololi watu wenye mapafu mabovu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya moyo ya kuimeza, wakitumaini itazuia kuchachamaa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Dawa haikuzuia, na waliolazwa kwa kubanwa vikali waliongezeka. Halafu mwaka 2024 utafiti mwingine, ulioongozwa na Waswidi, ukaonyesha kuwa kwa mtu ambaye nguvu ya moyo wake imebaki nzuri baada ya mshtuko, bita bloka ya muda mrefu huenda isimwongezee kitu, na tafiti zilizofuata mwaka 2025 hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo mimi nasimama hapa: moyo ukiwa umepoteza nguvu, mwenye mapafu mabovu apewe bisoprololi au metoprololi, aanze na dozi ndogo, apandishwe taratibu huku akisikilizwa kifua. Moyo ukiwa na nguvu zake kamili, daktari na mgonjwa wana nafasi ya kushauriana. Propranololi isiguswe.

Kuna dawa moja zaidi inayoleta mkanganyiko, tikagreloli, inayotolewa pamoja na aspirini. Inaleta hali ya kukosa pumzi bila kuharibu mapafu. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2009 ilitokea kwa karibu asilimia 14 ya walioimeza, dhidi ya karibu 8 kwa klopidogreli. Mgonjwa wa mapafu asiyeelezwa hilo atadhani kifua kimerudi, ataacha vidonge, na stenti, kile kijibomba alichowekewa kushikilia mshipa wazi, inaweza kuziba. Aelezwe mapema. Ikimshinda, abadilishiwe na daktari, asiache mwenyewe.

Hata kulala mezani kuna lake. Kuzibuliwa mshipa kunataka mgonjwa alale chali kwa muda, na huyu akilala chali anazama. Njia ya mkononi inasaidia, kwa sababu anaweza kuinuliwa kichwa kwa mito na akaketi mara kazi inapokwisha, wakati wa pajani analazimika kulala kwa saa kadhaa.

Katika nchi yenye TB nyingi kama yetu, swali la TB lazima liulizwe kabla ya dawa kuandikwa. Mwenye mashimo ya TB anayekohoa damu ana hatari kubwa akipewa dawa ya kuyeyusha bonge; kwake mrija ni salama zaidi. Na aliye kwenye dozi ya TB anameza rifampisini, ambayo hulifanya ini livunje dawa nyingine kwa kasi: tikagreloli inapungua mpaka haifai kutumika naye, baadhi ya dawa za lehemu zinapungua, bisoprololi na metoprololi zinapungua. Vitabu vingi vya moyo vinavyosomwa duniani vinaligusa hili kwa mstari mmoja, kwa kuwa vimeandikwa kwa ajili ya hospitali ambazo daktari anaweza kumaliza mwaka bila kumwona mgonjwa wa TB. Daktari wa Dar es Salaam hana raha hiyo.

Akiruhusiwa, mzee anarudi Kariakoo na kliniki mbili, ya moyo na ya mapafu, kila moja na kadi yake. Hapo ndipo dawa zinapogongana. Kliniki moja inaandika, nyingine haioni. Mgongo ukimuuma anavuka barabara na kununua diklofenaki bila cheti, dawa inayoongeza hatari ya mshtuko mwingine na ambayo, kwa baadhi ya wenye pumu, hubana kifua sawasawa na aspirini. Usiku akikohoa anauziwa vidonge vya salbutamoli vinavyomtetemesha mikono na kumkimbiza moyo, wakati dawa ya kuvuta ingefika mapafuni kwa dozi ndogo zaidi. Kila anapokwenda kliniki, ya moyo au ya mapafu, achukue dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, pampu na za mitishamba zikiwemo, azimwage mezani mbele ya daktari, na asiondoke mpaka daktari huyo amemwambia kila moja ni ya nini, ipi ibaki na ipi itoke.